Namba Isiyofika Mlangoni: Madaraja ya Umri ya Filamu na Mtoto wa Tandale



Swali nililopewa halina mzazi asiyelijua: filamu hii mtoto aione au asiione? Nchi nyingi zimelijibu kwa namba. Jalada linaandikwa 13, au 16, au 18, na mambo yanaishia hapo. Mimi nimekuja kusema kwamba kwa mtoto wa Tandale namba hiyo, hata iwe sahihi kabisa, haijafika. Haijafika kwa sababu ilitungiwa mlango ambao Tandale haupo, na kwa sababu picha anayoiona mtoto wetu siyo ile iliyokaguliwa.

Tuanze na asili ya namba zenyewe. Uingereza ilianzisha bodi yake ya kupitia filamu mwaka 1912. Huko Marekani, tarehe 1 Novemba 1968, wenye studio za Hollywood wakiongozwa na Jack Valenti waliweka madaraja yao wenyewe ili serikali isije ikawapangia. Mwaka 1984 wazazi walikuja juu kwa sababu ya Indiana Jones and the Temple of Doom, ambamo mtu ananyofolewa moyo kifuani, pamoja na Gremlins. Zote mbili zilikuwa zimeruhusiwa kwa watoto kwa ushauri wa wazazi tu. Steven Spielberg, aliyeongoza ile ya kwanza, akapendekeza daraja la katikati, na Julai mwaka huohuo PG-13 ikazaliwa. Utaratibu wote huo unamtegemea mtu. Kuna dirisha la tiketi, kuna karani anayemtazama kijana usoni, kuna mzazi aliyesoma bango kabla ya kutoa hela. Namba inamkumbusha mtu huyo wajibu wake. Akiondoka, kinachobaki ni wino.

Sisi nasi tuliwahi kuwa na milango ya namna hiyo. Waliokulia Dar es Salaam wanakumbuka sinema za Avalon, Empire na Odeon, na wanakumbuka Drive-In iliyofunguliwa mwaka 1966 kule Msasani, pale ulipo leo Ubalozi wa Marekani. Familia ilikwenda ndani ya gari moja na vyakula vyake, watoto nyuma, wazazi mbele. Sehemu ya kutisha ikifika, mkono wa mama ulikuwa karibu.

Lakini ukaguzi wetu wa filamu una kidonda cha zamani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa filamu za elimu kwa Waafrika, wakiamini kwamba Mwafrika anahitaji filamu zake za pekee, za polepole na nyepesi. Katika Kenya ya kikoloni zilikuwepo filamu ambazo Mzungu aliruhusiwa kuziona na Mwafrika akazuiwa, hata awe babu mwenye wajukuu. Mtu mzima alihesabiwa mtoto. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu limetuachia tabia: likitajwa suala la kukagua filamu, tunawaza nani azuiwe, na mara chache tunawaza nani alindwe. Tumekuwa na sheria yetu wenyewe tangu 1976, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na Bodi ya Filamu inafanya kazi chini yake. Hata hivyo, kelele kubwa katika ukanda wetu huwa juu ya wanachotazama watu wazima. Mwaka 2018 bodi ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, hadi mahakama ilipoifungulia kwa siku saba, kwa watu wazima tu. Nchi nzima ilibishana kwa miezi. Mtoto wa miaka tisa aliyekuwa kwenye banda la video miezi hiyohiyo hakubishaniwa na mtu.

Ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Tandale iliyo wilayani Kinondoni ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 50,000 katika sensa ya 2012. Wengi mnaijua kwa soko lake la nafaka, na vijana wanaijua kama kwao Diamond Platnumz. Ukipita vichochoro vya Mtogole, Pakacha au Kwa Tumbo utaukuta ubao mweusi umeegemezwa ukutani: juu mechi za jioni, chini picha za mchana, zote kwa chaki. Nyuma ya ubao kuna kibanda umiza, yaani banda la video. Kuta ni za mabati au mabanzi, mwanga umezibwa kwa turubai, mlangoni limening'inizwa gunia. Ndani kuna televisheni iliyofungwa juu, feni moja, mabenchi yasiyo na egemeo, na mbele kabisa mkeka. Mkeka ni wa watoto. Wanaingia kwa sarafu moja au mbili, wengine na sare za shule, begi limekaliwa kama mto.

Mgeni huuliza: saa nne asubuhi, watoto hawa hawasomi? Wengi wanasoma. Shule nyingi za msingi za Dar es Salaam zina wanafunzi wengi kuliko madarasa, na baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016 msongamano ukazidi. Kwa hiyo wanaingia kwa zamu. Aliyepangiwa mchana ana asubuhi nzima mikononi, mama yuko sokoni au anakaanga chapati barabarani, baba ametoka alfajiri, chumba kimefungwa. Banda lina kivuli, lina wenzake, lina picha. Tukimlaumu mtoto, au hata mama yake, tutakuwa tumekosa shabaha.

Mlangoni kuna kijana anayekusanya hela. Hana wajibu wa kuuliza umri, hajawahi kuambiwa aulize, na akiuliza atapoteza nusu ya mapato ya asubuhi. Hajui daraja la picha anayoonyesha, kwa kuwa hakuipata kwenye jalada. Aliijaza kwenye flashi dukani, na inapojazwa kwenye flashi namba hubaki ilikotoka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Picha ile ina DJ. Sauti ya asili imeshushwa, na juu yake kuna Mtanzania anayesimulia kwa Kiswahili, anaeleza, anatania, anamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Sanaa hii ni yetu, na ni kubwa. Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliifanya ijulikane nchi nzima tangu enzi za kanda za video, na msomi Mjerumani Matthias Krings ameandika juu yake kwa heshima anayostahili. Nairobi wanaye DJ Afro, Kampala wanaye VJ Jingo. Filamu ikishapita kinywani mwa mabingwa hawa inakuwa kazi nyingine. Ina maneno mengine, utani mwingine, na wakati mwingine hata maana nyingine. Kazi hiyo mpya kwa kawaida haijapangiwa daraja.

Pimeni kwa mfano. The King's Speech ya mwaka 2010 inamhusu Mfalme George VI na kigugumizi chake. Marekani iliipa daraja la R, ambalo asiye na miaka 17 haruhusiwi kuiona bila mtu mzima, kwa sababu katika tiba yake mfalme anatukana mfululizo. Uingereza ilianza kwa kuipa 15, kisha ikashusha. The Dark Knight ya mwaka 2008, ambamo Joker anamwua mtu kwa kumkandamiza kichwa mezani juu ya penseli iliyosimamishwa, ilipewa PG-13, daraja jepesi kuliko R. Zipelekeni zote mbili kwenye mkeka wa Tandale. Matusi ya mfalme, kwa mtoto asiyejua Kiingereza, yanapita kama upepo. Penseli haihitaji mkalimani. Na DJ akiamua kuinogesha sehemu hiyo kwa mzaha wa chumbani, mtoto atapokea kifo na matusi kwa pamoja, na vyote kwa lugha ya mama yake. Kipimo cha Marekani kinayachunga sana maneno na uchi, na kinauachia ukatili nafasi pana. Na hapa kwetu hata hayo maneno yenyewe yameshabadilishwa.

DJ huyohuyo anaweza pia kuwa mlinzi. Nimewahi kusikia picha moja ya kutisha ambayo msimulizi, kabla panga halijashuka, anasema, "Wadogo, fumbeni macho." Safu nzima ya mkekani ilipandisha viganja usoni. Vidole vilikuwa vimeachana, ni kweli, lakini walikuwa wameambiwa kwamba kinachofuata si chao, na wameambiwa na mtu wanayemwamini. Namba 18 kwenye kona ya jalada haijawahi kupata utii wa namna ile.

Kuna wanaosema mabanda yafungwe. Nimewasikiliza, na nawapinga. Yakifungwa Mtogole leo, kesho picha zilezile ziko kwenye simu, chini ya shuka, bila DJ, bila mwenzako wa kukwambia kwamba ni uongo wa kamera. Na nyumbani hakuna usalama wa kurudia. Nyumba nyingi za Tandale ni za vyumba vinavyopangishwa kimoja kimoja: kitanda, pazia, televisheni, godoro la watoto sakafuni. Baba na mama wanapoangalia sizoni saa nne usiku, mtoto anaangalia pia, macho nusu. King'amuzi kina namba ya siri ya kufunga chaneli, lakini namba hiyo imetengenezewa nyumba yenye sebule na vyumba vya watoto. Squid Game ilipotoka Septemba 2021, shule za Uingereza na Ubelgiji ziliwaandikia wazazi kwamba watoto wanaiga michezo yake uwanjani. Kama wenye vyumba vya kutosha walishindwa kuizuia, tusimtwishe mzigo huo peke yake mama mwenye chumba kimoja.

Ninachoomba ni kidogo na kinatekelezeka. Kwanza, daraja lisemwe. Wasimulizi waitwe na Bodi ya Filamu kama wasanii, wasiitwe kama wahalifu, wakubaliane kutamka umri katika dakika ya kwanza ya kila picha, kwa sauti ileile wanayotangazia steringi, na daraja hilo lizingatie usimulizi wao pamoja na picha. Suala la hakimiliki ya filamu wanazozisimulia lipo na ni gumu, lakini mtoto hawezi kungoja limalizike. Pili, banda ligawanywe kwa saa. Kuanzia asubuhi hadi magharibi pawe na picha ambazo mwenye banda haoni haya mwalimu akifunua gunia. Katuni za Ubongo Kids zimetengenezwa hapahapa Dar es Salaam na zilianza kurushwa Januari 2014, na zinafundisha hisabati kwa Kiswahili. Sioni kwa nini zisiingie kwenye flashi ya banda. Mwenye banda akikubali, apunguziwe ada ya leseni, maana tunamwomba aache mapato. Tatu, afisa utamaduni wa wilaya aache kufika na mgambo. Afike na mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mmoja wa shule ya jirani anayejua zamu za wanafunzi wake.

Wenyeviti wa serikali za mitaa mliotoka Tandale, nanyi wenye mabanda mlioketi kule nyuma, hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji orodha ya mabanda, wasimulizi wawili watatu walio tayari kurekodi upya dakika moja, na ratiba ya chaki kwenye ubao uliopo tayari. Tuanze na Mtogole na Kwa Tumbo muhula huu, kabla likizo ya Desemba haijajaza mikeka.