Kusikika Bila Kupayuka: Philip Burton na Ufundishaji wa Maigizo Shuleni



Tukiwasifu walimu wa maigizo waliokuza vipaji, mara nyingi tunaishia kwenye moyo wao. Mimi nataka tuitazame kazi yenyewe inayofanyika baada ya kengele ya mwisho. Mfano wangu ni Philip Burton, aliyefundisha shule ya sekondari Port Talbot, mji wa viwanda vya chuma huko Wales.

Mwanafunzi wake, Richard Jenkins, alizaliwa mwaka 1925, mtoto wa 12 kati ya 13 wa mchimba makaa ya mawe. Mama yao alifariki Richard hajatimiza miaka miwili, akalelewa na dada yake Cecilia. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiwelsi. Kiingereza alikipata baadaye. Mwaka 1941 aliacha shule, akawa muuza nguo katika duka la ushirika. Walimu na diwani mmoja walihangaika hadi akarudishwa darasani. Naanza na hao makusudi, maana tuna tabia ya kumbebesha mtu mmoja sifa za wengi.

Mwaka 1943 Richard alihamia nyumba aliyokuwa amepanga Burton, na mazoezi yakashika kasi. Walipanda milimani, kijana akasimama na kutamka maneno ya msimulizi katika Henry V ya Shakespeare, huku mwalimu akizidi kusogea mbali. Sharti lilikuwa moja: asikike vilevile, lakini asipayuke.

Zoezi hili halihitaji senti. Anayepayuka hubana koo, na maneno yakapotea ndani ya kelele. Sauti hufika mbali ikibebwa na pumzi ya kutosha, na kila silabi ikipewa haki yake. Kwetu sisi hatari iko mwishoni mwa neno. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwanafunzi mwenye haraka huimeza ile ya mwisho. Aseme “amepiga” au “amepigwa”, waliokaa nyuma hawajui nani kamtwanga mwenzake, na mchezo mzima unaweza kuwa umejengwa juu ya kofi hilo. Hapo tunaongeza vipaza sauti, na kumeza silabi kunasikika kwa nguvu zaidi.

Matunda yalionekana. Mwaka 1951 Richard aliigiza Henry V huko Stratford-upon-Avon, na baadaye akateuliwa mara saba kuwania tuzo ya Oscar, ingawa hakuipata hata mara moja. Burton naye alihamia Marekani, akawa mkurugenzi wa kwanza wa chuo cha maigizo cha AMDA, New York, kilichoanzishwa mwaka 1964.

Kuna upande mwingine usionipendeza. Burton alitaka kumfanya kijana huyo mwanawe kisheria. Sheria ilidai wapishane miaka 21, wao wakapungukiwa na siku 20 tu, hivyo Burton akawa mlezi wake na Richard akachukua jina lake, ilhali baba mzazi yu hai. Yawezekana nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mwanafunzi kuhamia kwa mwalimu ni jambo ambalo shule zetu hazipaswi kuliruhusu, hata kwa kisingizio cha kipaji. Tena mwalimu mwenyewe alilipenda jukwaa, na mwalimu wa aina hiyo ni rahisi kuanza kuigiza kupitia mtoto wa mwenzake. Mazoezi yafanyike uwanjani, mchana, kundi zima likiwepo. Hakuna sehemu ya mbinu ya Burton inayopotea kwa kufanya hivyo.

Napendekeza baada ya chakula tutoke nje wawiliwawili, kila mmoja na mistari minne ya mchezo anaofundisha sasa. Mmoja atamke, mwenzake arudi nyuma akihesabu hatua, na asimame pale tu silabi ya mwisho inapopotea. Hatua hizo tuziandike. Ndizo tutakazojadili kikao cha jioni.