Mariamu Alikaa Miezi Mitatu

Somo: Luka 1:39-56



Mtoto azaliwapo mtaani, sisi Wakristo hatukawii kufika. Twaja na uji wa wimbi, sukari na leso. Twaimba, twaomba, twampakata mtoto, kisha twarudi makwetu. Juma la tatu nyumba ni kimya. Baba amekwenda kazini, mtoto alilia usiku kucha, na mama ameketi kitandani akimtazama kama mtoto wa mwingine. Machozi yamtoka asijue sababu. Nasi tukisikia habari zake twasema, "Ni mvivu," au, "Amepungukiwa na imani."

Ndugu wapendwa, tusiseme hivyo. Huo ni ugonjwa, na wacha Mungu nao huupata. Mtoto naye huumia. Mtoto mchanga hajui maneno, lakini husoma uso wa mamaye. Akilia akajibiwa, akitabasamu akatabasamiwa, hujifunza kwamba yuko mtu wa kumtegemea. Asipojibiwa siku nyingi, moyo wake mdogo hukosa utulivu.

Tumtazame Elisabeti. Ni mzee, mimba yake ni ya kwanza, amejificha miezi mitano, na mumewe ni bubu. Nyumba ni ya kuhani, lakini hakuna wa kuzungumza naye. Ndipo Mariamu akaja kwa haraka. Wala hakunywa maji na kuondoka. Alikaa kama miezi mitatu.

Huko Khayelitsha, mtaa wa watu maskini kando ya Cape Town, Afrika Kusini, wanawake wa mtaa ule ule walifundishwa kuwatembelea wajawazito, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kila mama alipangiwa kutembelewa mara 16: mara mbili kabla ya kuzaa, kila juma kwa miezi miwili, kisha kwa nafasi zaidi hata mtoto alipotimiza miezi sita. Walimsikiliza mama, wakamwonyesha jinsi mtoto asemavyo naye kwa macho na mikono. Watoto walipofika miezi 18, katika kila 100 waliotembelewa, 74 walikuwa na tumaini thabiti kwa mama zao. Kwa wasiotembelewa hivyo, walikuwa 63.

Mara kumi na sita, wapendwa, si mara moja!

Basi tupange zamu kanisani. Tukifika tusianze na mashauri. Tuchote maji, tuoshe vyombo, tumshike mtoto ili mama alale. Tumwulize, "Wewe mwenyewe u hali gani?" kisha tunyamaze tumsikie. Akisema hataki kuishi, au aogopa kumdhuru mtoto, tusimwache peke yake. Tumpeleke hospitali siku ile ile. Maombi na dawa havigombani.

Nasi akina baba tusiwe mabubu nyumbani. Zakaria alifungwa ulimi na malaika. Sisi ni nani aliyetufunga?

Na tuombe. Ee Bwana, uliyelelewa mikononi mwa mama, uwafariji akina mama waliao usiku huu. Utupe miguu ya kurudi kwao wageni wakiisha kwenda. Amina.