KUCHAGUA MTUMBWI WA KUVULIA ZIWANI

Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya wavuvi wa Ziwa Viktoria



Chama cha wavuvi kinapofikia hatua ya kununua mtumbwi, swali la kwanza mkutanoni aghalabu ni bei. Swali hilo ni halali, kwa kuwa fedha zenyewe ni akiba za wanachama. Walakini fundi akipunguza bei, mara nyingi hupunguza na upana, na upana ndio uhai wa mvuvi.

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Upepo unaopita juu ya maji mapana kiasi hicho huinua mawimbi mafupi na makali. Usiku hewa iliyopoa ya nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, ikakutana huko na kuzaa mvua za ngurumo. Na usiku ndio wakati wavuvi wa dagaa wanapokuwa na taa zao majini. Kwa hiyo haifai mtumbwi kusifiwa kwa jinsi unavyotulia ufukweni asubuhi.

Mtumbwi wa gogo hauwezi kuzidi upana wa mti uliochongwa, na miti minene kama mvule imekuwa adimu. Unafaa kwa mtu mmoja au wawili kando ya matete, basi. Mtumbwi wa mbao wenye kitako bapa ni rahisi kuunda, nao hutulia sana katika ghuba. Lakini kwenye mawimbi kitako hicho hulala jinsi wimbi linavyolala, na hupigwa kwa kishindo. Kwa maji ya wazi yafaa zaidi mtumbwi wa mbao wenye mkuku, wa namna iliyojulikana tangu zamani katika visiwa vya Sese nchini Uganda. Boti za faiba haziozi, ila bei yake ni kubwa, na chama kisicho na fundi wa faiba karibu kitaumia siku itakapopasuka.

Juu ya upana iko hesabu moja ambayo kila katibu angefaa kuishika. Chukuliwe mitumbwi miwili yenye urefu, umbo na mzigo sawa, mmoja una upana wa mita 1 mahali maji yanapogusa ubavu, na mwingine mita 1.2. Watu wengi watasema wa pili umezidi kwa moja ya tano tu. Sivyo. Utulivu unaotokana na umbo la mtumbwi hufuata upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu: 1.2 × 1.2 × 1.2 ni 1.73 hivi. Maana yake sentimita 20 zimeongeza utulivu huo kwa zaidi ya asilimia 70. Fundi anayeomba fedha kidogo zaidi kwa ajili ya sentimita hizo asidhaniwe kuwa mlaghai.

Mzigo nao una hesabu yake. Mtumbwi unaofunika mita 4 za mraba za uso wa maji huzama sentimita 1 kwa kila kilo 40 zinazoongezwa. Watu watatu, nyavu na samaki wakifika kilo 400, ubavu umeshuka sentimita 10, wala maji yaliyoingia ndani hayajahesabiwa. Maji hayo ni hatari kuliko samaki, kwa kuwa hukimbilia upande ulioinama. Wala ukaribu wa nchi kavu si kinga: kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimezidisha watu, na watu 228 wakapoteza maisha.

Sasa bei. Katibu aigawanye kwa miaka ya kazi. Kwa mfano tu, mtumbwi wa shilingi 1,200,000 unaodumu miaka 3 hugharimu shilingi 400,000 kwa mwaka; wa shilingi 2,000,000 unaodumu miaka 8 hugharimu 250,000. Miaka hiyo hutokana na mbao zilizokauka vema, misumari isiyoshika kutu, kalafati iliyotiwa kwa uangalifu, na kivuli mtumbwi unapokuwa nchi kavu. Katika bajeti hiyo hiyo yaingizwe majaketi ya kuokolea maisha kwa kila mvuvi, na madumu matupu yaliyofungwa sawasawa na kukazwa kwa kamba chini ya mbao za kukalia, ubavu kwa ubavu. Madumu 10 ya lita 20 hubeba karibu kilo 200 mtumbwi unapojaa maji.

Kabla ya malipo ya mwisho, mtumbwi ushushwe majini mbele ya fundi na wajumbe wa kamati, utiwe mifuko ya mchanga yenye uzito wa shehena kamili, kisha wavuvi wawili wasimame upande mmoja kana kwamba wanavuta wavu. Kipimwe kimo cha ukingo juu ya maji pande zote mbili. Mtumbwi ukiinama na kuchelewa kurudi, au maji yakikaribia ukingo, fundi aurudishe karakanani, na vipimo viandikwe katika kumbukumbu za kikao.