Matone Darini mwa Kitalu Nyumba

Najua kwetu Ubaruku na Usangu nzima mpunga ndiyo habari. Hata hivyo, mwenye kitalu nyumba cha nyanya na atege sikio.

Usiku wa Juni au Julai, nje kunapokuwa na baridi na udongo wa ndani ungali na joto na unyevu, mvuke hupanda taratibu hata ukakutana na nailoni iliyopoa, nao hugeuka matone. Tone lililojikunja kama ushanga huirudisha juu sehemu ya nuru ya jua, mche usiipate. Bali maji yaliyotandaa bapa huipitisha karibu sawa na nailoni kavu. Basi hasara haimo katika maji. Imo katika matone.

Jua likichomoza, kunja mapazia ya pembeni, mvuke utoke. Mwagilia asubuhi, wala si jioni. Paa na liwe na mwinamo, matone yateremke pembeni, yasidondokee majani yakaleta ukungu. Ukinunua nailoni yenye dawa ya kuzuia matone, muulize muuzaji upande wenye dawa, kisha uuelekeze ndani.