Masafa Wazi ya Runinga: Nani Apishe Nani?

Msikilizaji, kati ya kituo kimoja cha runinga na kingine huachwa masafa wazi ili matangazo yasigongane. Kule Nanyuki, nchini Kenya, mradi wa Mawingu ulianza mwaka 2013 kupitisha intaneti humo humo. Mawimbi hayo hufika mbali na hupenya miti vizuri kuliko ya Wi-Fi. Mnara mmoja waweza kuhudumia shule na zahanati ambazo kebo haijazifikia.

Sasa, ugumu uko wapi? Uko kwenye hesabu. Kabla kifaa hakijarusha mawimbi, huuliza hifadhidata: hapa nilipo, masafa yapi hayatumiki? Nayo hupima umbali wa mtambo wa runinga, nguvu zake, urefu wa antena na vilima vilivyo katikati. Ikidhani kilima kimezuia matangazo kumbe yamepita, itaruhusu intaneti ipite kwenye masafa yale yale, na mtu aliyekaa kutazama taarifa ya habari ataona picha inaganda na kukatika vipande, wala hatajua amlaumu nani. Pengine atapanda juu ya paa kugeuza antena, bure tu.

Wenye vituo vya runinga, kwa haki kabisa, wanadai tahadhari. Lakini tahadhari ikizidi, hesabu itaonyesha kila mahali pamejaa, na masafa yatakaa bure. Mimi naona vijijini, ambako vituo ni vichache, afadhali tuthubutu.

Linabaki hili: picha ikipotea, awajibike nani, anayeuza intaneti au aliyepiga hesabu?