Tukishika Ufagio, Tusisahau Kiti

Vijana wenzangu wa Malindi, Mambrui, Watamu na Kilifi.

Kila tukitangaza siku ya usafi pamoja na polisi, swali ni lile lile: "Kwani nyinyi muko upande gani?" Kijana wa maskani akiona picha ya wenzake na mafagio, wamesimama na askari, anajiambia hawa washanunuliwa. Leo nataka tulijibu swali hili bila kuzunguka.

Kwanza tukubali, hofu ya huyo kijana haikutoka hewani. Pwani hii kuna mama ambao mpaka leo wanasubiri mlango ugongwe. Mwaka wa 2016 HAKI Africa ilitoa ripoti kuhusu watu wa Pwani waliouawa ama kupotezwa. Kuosha ukuta wa stesheni hakufuti hayo, na asitokee mtu akatwambia tupige picha ndio yaishe.

Sasa mbona twende? Kwa sababu ya Shakahola.

Hapo si mbali, ni Malindi yetu. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika ule msitu, na wengi ni watoto. Machi 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema maafisa wa usalama wa Malindi walikuwa wamepata taarifa za kuaminika mapema, wasichukue hatua. Sikilizeni vizuri ndugu zangu: watu walisema. Lakini mtu mmoja mmoja akienda kaunta ni rahisi kuambiwa "rudi kesho". Kikundi kinachojulikana, kilicho na barua na kinachokaa kikao kimoja na OCS, si rahisi kukirudisha nyumbani.

Na kukaa kikao hicho si fadhila. Katiba ya 2010, kifungu cha 244, inaitaka polisi ijenge uhusiano mwema na jamii. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inasema kila kaunti iwe na mamlaka ya polisi chini ya gavana, na vijana wawe na mjumbe wao humo ndani. Hicho ni kiti chako. Ukikiacha wazi atakikalia mtu mwengine, na atasema anaongea kwa niaba yako.

Kwa hivyo twende, lakini twende na masharti yetu. Mimi naona matatu.

La kwanza: twende pamoja, mchana, kwa barua, na nakala ya barua ibaki msikitini ama kwa mzee wa mtaa. Asiitwe mtu pembeni peke yake. Sisi ni watu wa kujitolea, si wapelelezi. Ukiona watoto wanafungiwa njaa, ama mzee anatishiwa kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, kuripoti ni wajibu, hapo unaokoa roho. Lakini kuandika majina ya wenzako kwa sababu ya ndevu zao ama msikiti wanaoswali, hiyo si kazi yetu na hatuifanyi.

La pili: kila usafi uwe na kikao. Tukimaliza kufagia, tukae nusu saa na maafisa. Tuombe mmoja wao asome kifungu cha 49 mbele ya kila mtu: ukishikwa uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza, una haki ya kuzungumza na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata. Askari akiyasema haya kwa mdomo wake mbele ya vijana hamsini, siku nyingine yatamjia akilini.

La tatu: ukiripoti jambo, usitoke bila namba ya OB. Iandike. Kikao kinachofuata tunauliza, hii namba imefika wapi? Tukizungushwa, iko IPOA, ambayo kazi yake ni kuchunguza polisi, na ofisi yao iko mpaka Mombasa. Kumsaidia askari Jumamosi hakutuzuii kumshtaki Jumatatu akikosea. Askari mwema halioni hilo kama uadui.

Tumefunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Taka ni udhia. Uoga wa kuripoti ni udhia. Faili inayolala kabatini nayo ni udhia.

Basi wiki hii, kabla hujanunua glavu, kaa na wenzako watano maskani mukaulizane: mtaani petu kamati ya polisi na jamii iko? Nani anakaa humo? Wanakutana lini? Mukikosa jibu, hiyo ndiyo kazi yenu ya kwanza.

Allah atupe umoja na ujasiri. Wabillahi tawfiq.