Dirisha Lisilo na Karani: Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Ufunguzi wa Mafunzo ya Wasimamizi wa Tovuti za Serikali

Hotuba za ufunguzi zina desturi ya kutanguliza pongezi na kuacha ombi mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kutazama saa. Mniwie radhi, leo naanza na ombi, kisha nitalitetea. Ombi ni hili: taasisi ya umma isipokee wala kulipia tovuti au mfumo wowote ambao asiyeona, kiziwi au asiyeweza kushika kipanya hawezi kuutumia mwenyewe, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi risiti inapotoka. Sisemi mfumo huo upokelewe halafu uboreshwe baadaye. Nasema usipokelewe.

Tuanze na kilichobadilika. Zamani mwananchi alikwenda dirishani. Palikuwa na foleni, jua na njoo kesho, lakini nyuma ya dirisha palikuwa na karani, na karani ana macho, masikio na mdomo. Asiyeona alisomewa fomu. Kiziwi aliandikiwa maelezo kwenye kipande cha karatasi. Aliye kwenye kiti cha magurudumu, ngazi zikimshinda, karani alishuka na daftari mkononi. Msaada huo haukuwa kwenye waraka wowote. Ulitokana na utu wa karani, na yapo madirisha ambayo haukupatikana kabisa. Hata hivyo, ulikuwepo. Tulipohamia mtandaoni tulihamisha fomu, tukahamisha malipo, tukahamisha hata foleni, maana mfumo nao huelemewa siku ya mwisho ya maombi. Karani hatukumhamisha. Leo kuomba kazi ya utumishi wa umma ni mtandaoni, mkopo wa elimu ya juu ni mtandaoni, kusajili kampuni ni mtandaoni, na kulipa tozo ya serikali kunaanza na kontroo namba. Kwa hiyo tovuti isiyofikika haifanani na ofisi yenye ngazi. Ofisi yenye ngazi ina mtu anayeweza kushuka.

Sheria hainihitaji niitetee kwa maneno mengi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba huo inaitaja intaneti waziwazi, kisha inasema jambo ambalo wengi hulipita wakisoma haraka: kwamba teknolojia ianze kufikirika na kutengenezwa ikiwa inafikika tangu hatua za awali, ili gharama iwe ndogo kabisa. Waliouandika walijua fedha zinapopotelea. Sheria yetu inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Sasa jiulizeni: nafasi imetengwa, fedha zimetengwa, na maombi yanapita kwenye fomu ambayo mlengwa hawezi kuijaza. Hapo tumetenga nini?

Naomba niwapeleke karibu zaidi na skrini. Chukueni tangazo la kazi la kawaida. Afisa analiandika kwenye kompyuta, herufi kwa herufi. Linachapishwa, linatiwa saini, linapigwa muhuri, linaskaniwa, halafu linapandishwa kwenye tovuti kama PDF. Kwa mwenye kuona halina shida, hata likiwa limepinda kidogo. Asiyeona anatumia programu ya kusoma skrini, ambayo hugeuza maandishi kuwa sauti. Programu ikifika kwenye tangazo hilo haikuti hata herufi moja ya kusoma, kwa sababu mbele yake hakuna maandishi, kuna picha ya maandishi. Inanyamaza, au inasema ukurasa ni mtupu. Mwombaji anajua tangazo lipo, maana jina la faili amelisikia, lakini sifa za mwombaji, mshahara na tarehe ya mwisho vimefungiwa ndani ya picha. Kinachonikera hapa ni kwamba maandishi tulikuwa nayo. Yalikuwa hai kwenye kompyuta ya afisa asubuhi ileile, na sisi wenyewe, kwa hatua nne za kazi ya ziada, tukayageuza picha.

Akivuka tangazo, anaifikia fomu. Mwenye kuona anaona kisanduku na juu yake neno «Tarehe ya kuzaliwa». Kama mtengenezaji hakuliunganisha neno hilo na kisanduku chake ndani ya msimbo, programu inatamka tu «sanduku la maandishi», kisha «sanduku la maandishi», kisha tena, mara kumi na tano, na mwombaji abahatishe lipi ni la jina na lipi ni la namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Akifika chini anakuta herufi zilizopindapinda za kuthibitisha kwamba yeye ni binadamu, bila njia mbadala. Kiziwi naye anayekwama anaambiwa apige simu dawati la msaada. Mbele ya ukurasa, picha za viongozi wakikata utepe zinapishana bila kitufe cha kuzisimamisha, na chini yake tangazo linakimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Picha hazina maelezo, kwa hiyo anayesikiliza anasomewa jina la faili, herufi na tarakimu moja moja. Nadhani hata waheshimiwa wenyewe wasingependa kutambulishwa hivyo.

Kuna kasoro moja ambayo ni yetu hasa, sisi tunaoandika Kiswahili, na katika miongozo ya kigeni si rahisi kuikuta kwa uzito wake. Kila ukurasa wa tovuti hubeba ndani yake alama ya lugha, herufi mbili tu, zinazoiambia programu ukurasa umeandikwa kwa lugha gani. Kiswahili ni «sw». Violezo vingi tunavyonunua au kupakua vinakuja na «en» ya Kiingereza, na mtu akishatafsiri maneno yanayoonekana huona kazi imekwisha. Programu inaiamini alama. Inachukua sauti ya Kiingereza na kukisoma Kiswahili kwa kinywa kisichokijua. Halmashauri ya Wilaya ya Same inatamkwa kama neno la Kiingereza lenye maana ya «ileile», na «pole» inageuka nguzo. Msikilizaji anapaswa kukisia Kiswahili kilikuwa kipi kabla ya kelele hiyo. Wakati huohuo sauti ya Kiswahili ipo. Inakuja na NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni. Kurekebisha alama hiyo ni kubadili herufi mbili. Tumejivunia, na ni haki yetu kujivunia, kwamba Kiswahili ni lugha ya serikali. Basi tuiambie na kompyuta.

Sasa nije kwenye mapingamizi, kwa sababu nayasikia hata yasiposemwa. La kwanza ni kwamba watu hao ni wachache. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Nakubali kwamba si wote wanaokwama kwenye tovuti. Mwenye ulemavu wa mguu anaweza kuisoma skrini kama mimi. Lakini ongezeni wazee ambao macho yamepungua nguvu, na yeyote anayesoma simu yenye kioo kilichopasuka juani, nanyi mtaona kwa nini maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe ni kero ya wengi. Kiwango cha kimataifa kinataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake usipungue 4.5 kwa 1. Wapo pia wanaosema kumbukumbu za tovuti zao hazionyeshi watumiaji wasioona. Hiyo ni kuhesabu wateja wa duka lililofungwa.

Pingamizi la pili lina sura ya huruma: wana ndugu wa kuwasaidia. Kwa kweli msaidizi mara nyingi ni kijana wa steshenari. Anayeomba anakaa pembeni ya kompyuta na kutaja kwa sauti, watu wakisubiri nyuma yake, namba ya NIDA, jina la mama, akaunti ya benki na neno la siri. Siku ya kuangalia majibu anarudi kwa kijana yuleyule, ambaye sasa anaweza kuingia kwenye akaunti hiyo wakati wowote. Mwaka 2022 tulitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hatuwezi kuzitaka taasisi zilinde siri za mwananchi huku mifumo yetu ikimlazimisha azitangaze kaunta.

La tatu ni gharama, na hili nalichukulia kwa uzito, maana bajeti za vitengo vyenu nazijua zilivyo. Mwaka 1999 Bruce Maguire, mtu asiyeona wa Australia, aliwalalamikia waandaaji wa Olimpiki ya Sydney kwamba tovuti yao haisomeki kwa wasioona: picha zilikosa maelezo, na majedwali ya matokeo hayakupangwa kwa namna ambayo programu yake ingeyasoma. Waandaaji walijibu kwamba kurekebisha kungegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia na kuchukua karibu mwaka mzima. Wataalamu walioitwa kutoa ushahidi walikadiria kazi na gharama ndogo sana kuliko hiyo. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ikampa Maguire ushindi mwaka 2000, na waandaaji walipokosa kutekeleza wakaamriwa kumlipa dola 20,000. Makadirio ya gharama yanayotolewa na asiyetaka kufanya kazi yana tabia ya kunenepa. Uchunguzi unaofanywa kila mwaka na taasisi ya WebAIM ya Marekani kwenye kurasa milioni 1 unaonyesha kazi halisi ilivyo. Mwaka 2024, kurasa 95.9 kati ya kila 100 zilikuwa na makosa, lakini karibu makosa yote yaliangukia aina sita tu: maandishi hafifu, picha zisizo na maelezo, visanduku vya fomu visivyo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na alama ya lugha kukosekana. Hayo yanahitaji umakini, wala hayahitaji mradi wa wafadhili. Ghali ni kubomoa. Kuongeza lebo wakati fomu inajengwa ni sekunde chache. Kurudi miaka mitatu baadaye kwenye mfumo ambao mkandarasi wake hapokei tena simu, hapo ndipo mamilioni yanapokwenda.

Watu wa usalama nao watasema muhuri uliopigwa na kuskaniwa huzuia kughushi. Kinyume chake, picha ya muhuri ndiyo rahisi kunakili. Kinacholinda tangazo ni kuwa kwake kwenye anwani rasmi ya serikali. Nakala iliyoskaniwa ibaki kama kumbukumbu, na kando yake yawepo maandishi kamili kwenye ukurasa.

Tahadhari moja kabla sijafika mwisho. Wauzaji watawaletea kitufe chenye alama ya kiti cha magurudumu, kinachobandikwa pembeni ya tovuti na kuahidi kuimaliza kazi yote kwa siku moja. Januari 2025, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni moja inayouza zana ya aina hiyo italipa dola milioni 1 kwa kudai kuwa zana yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize viwango. Fomu isiyo na lebo haiponi kwa kubandikiwa kitufe.

Ndiyo maana nasisitiza mapokezi. Maafisa wengi hawana nguvu ya kumwamuru mkandarasi katikati ya kazi, ila wote wana nguvu siku moja: siku anapoleta hati ya makabidhiano akitaka saini. Hadidu za rejea zitaje kiwango cha kimataifa cha ufikikaji wa tovuti, WCAG 2.1 au 2.2, ngazi ya AA, na zitaje mtihani. Mtihani ufanywe na wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa mikono kutoka kwenye vyama vya watu wenye ulemavu vilivyopo hapa, na walipwe kama wataalamu wengine wanavyolipwa, si kwa soda na nauli. Wapewe kazi halisi: jaza fomu, pata kontroo namba, pakua risiti. Wakishindwa, malipo ya mwisho yasubiri. Mkandarasi wa pili na wa tatu watakuwa wameshasikia habari hizo kabla hawajaandika bei ya zabuni.

Kwa waratibu, naomba zoezi la kwanza baada ya chai liwe hili: kipanya kiwekwe pembeni, skrini izimwe, programu ya kusoma skrini iwashwe, na kila mmoja aombe huduma ya taasisi yake kwa kibodi peke yake. Watu wenye ulemavu walio nasi wakae karibu, na wasisaidie mpaka waombwe. Kwa maneno hayo, natamka kuwa mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.